Mama Mkwe Hashuki Mlima kwa Baiskeli

Kazi yangu ni kukata tiketi za mabasi. Nakaa nyuma ya kioo chenye tundu, watu wanainama na kuniambia waendako, nami nawapa siti, ya dirishani kama wameomba vizuri. Basi la kampuni yetu hupita kwenye ile milima kila asubuhi, lina viti vya kulala na mapazia, na mimi naruhusiwa kulipanda bure. Kwa hiyo usiniulize kwa nini kiangazi kile niliivuka milima hiyohiyo kwa baiskeli, ulimi nje, nikimfuata mama mkwe wangu. Muulize yeye. Au muulize dada yake, maana ndiye aliyeyaanzisha.

Nianze na mama mkwe. Mtaani wanamwita Mama Springi. Ni fundi wa makochi, na karakana yake ni chumba cha chini cha nyumba yake, chenye mlango mpana wa kuingizia makochi na dirisha moja ambalo halijafunguka tangu lilipopakwa rangi. Ukiingia unakutana kwanza na makochi yaliyovuliwa nguo, mbao tupu na kamba za mkonge, yakisubiri zamu yao ukutani. Kisha unakutana na yeye, misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi, anakusalimia kwa nyusi. Anaweza kubana misumari kumi mdomoni na bado akakugombeza vizuri kabisa. Mimi ni shahidi.

Cherehani yake ni ile ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Binti yake, yaani mke wangu, alimnunulia ya umeme. Ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, inaheshimiwa. Yeye anakanyaga ile ya zamani toka asubuhi mpaka jioni, miaka nenda miaka rudi, ngozi na mahameli na turubai. Sikuwahi kufikiria jambo hilo linaifanyia nini miguu ya mtu. Nilikuja kulielewa kwenye kilima cha kwanza.

Dada yake, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa, ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi peke yake katika nyumba waliyozaliwa wote wawili, ng'ambo ya milima, bondeni. Mwaka ule magoti yake yakaanza kugoma. Mwanawe, kijana mwenye roho safi na shughuli nyingi, akasema atakuja mwisho wa wiki amchukue wakaishi wote mjini kwake, mbali kabisa, ghorofa ya tisa, ambako mchana kutwa angebaki peke yake akisikiliza lifti ikipanda na kushuka. Mama mkwe alipopata habari hizo alitema misumari yote kiganjani na kushika simu. Alikuwa ameshamwandalia dada yake chumba nyuma ya karakana, na kiti cha mahameli ya kijani chenye pa kuegemeza miguu, amekishona kwa mkono wake. Alikuwa anasubiri siku nzuri ya kumwambia.

Mimi nilikuwepo, nimekuja kuomba gundi. Simu aliiweka mezani, sauti juu, ili mikono iendelee na kazi.

"Dada, usiende huko. Njoo ukae kwangu."

"Kwako? Wewe mwenyewe umeshapita sitini, mgongo umeuacha kwenye cherehani. Nije nikuongezee mzigo?"

"Mzigo gani? Mimi nina nguvu."

"Nguvu za mdomo."

"Za mwili! Unataka nikuoneshe?"

Kisha Mama Mkubwa akacheka, kicheko cha mwalimu aliyepata swali la kuwakomesha wanafunzi. "Haya, nioneshe. Njoo kwa baiskeli, kutoka mlangoni kwako. Na nikuone kwa macho yangu ukiteremka kilima chetu, umekaa juu yake, mpaka mlangoni pangu. Ukifanya hivyo kabla sijaondoka na mwanangu, nakuja kukaa kwako na sitasema neno. Usipofanya, naenda ghorofani, na habari hii tunaifunga."

Simu ikakatika. Mama mkwe alibaki ameshika nyundo.

"Alikuwa anatania, Mama," nikasema.

"Dada hatanii na masharti."

Nilidhani shida yake ni kupanda. Milima ile hata basi letu huipanda kwa kulalamika. Sikujua kwamba dada mtu alikuwa amechagua sharti hilo kwa makusudi, akijua fika kwamba mdogo wake haliwezi, ili awe na sababu ya kutomwelemea.

Jioni mke wangu alisikia, akasema mambo mawili. La kwanza, mama yake akishaamua, usipoteze mate. La pili, mama yake haendi peke yake. Yeye ni muuguzi, zamu zake za wiki ile zilikuwa zimeshapangwa. Nikauliza basi nani ataenda naye, na nilipoinua macho nikakuta ananitazama mimi. Nina baiskeli ya kisasa yenye gia nyingi, niliyoinunua kwa mbwembwe na kuisifu kila tulipopata mgeni. Mdomo uliponza kichwa.

Baiskeli ya mama mkwe ilikuwa ya chuma, nyeusi, nzito, yenye keria kubwa nyuma ambayo hubebea sponji. Gia zake tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kumbukumbu tu. Lakini kiti chake! Alikuwa amekivua na kukijenga upya kama kochi: springi chini, sponji juu, mahameli ya buluu, na vifungo vinne vilivyozamishwa kwenye kitambaa. Ilibaki kukiwekea mto. Halafu akatoa kingine kwenye mkoba, chekundu.

"Na hiki chako, mkwe."

"Asante sana, Mama. Lakini changu ni cha kitaalamu. Kimetengenezwa chembamba makusudi."

Alinitazama kiunoni na chini yake kidogo, kwa jicho la fundi anayekadiria sponji. "Sawa," akasema, akakirudisha mkobani. Hakukiacha nyumbani wala hakukitaja tena. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Tuliondoka Jumatano asubuhi, hesabu yetu ikiwa kufika Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mpwa wake. Kilima cha kwanza kinaanza ukishapita kiwanda cha matofali. Nikakanyaga kwa nguvu ili nimsubiri juu kwa heshima. Baada ya kona ya pili mapafu yalikuwa yameniambia ukweli. Mama mkwe akanipita taratibu, mgongo umenyooka, miguu inakwenda kwa mwendo mmoja usiobadilika, kama anashona pindo refu. Hakuwa hata anahema. Alinisalimia kwa nyusi akipita, kwa mazoea, ingawa mdomoni hakuwa na misumari.

Nilipofika juu nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa daraja dogo, anamenya yai la kuchemsha.

"Pole, mkwe."

"Nimepoa, Mama," nikasema, na huo ulikuwa uongo wa wazi.

Jua lilikuwa kali lakini kulikuwa na upepo, na mbele yetu mashamba yaliteremka, ya njano na ya kijani, mpaka macho yalipochoka. Nikajisemea, sasa ni zamu yangu. Kupanda ni nguvu, kushuka ni maarifa. Nikajiachia. Upepo masikioni, wadudu mdomoni, raha mpaka kisogoni. Chini nikasimama, nikafuta miwani, nikasubiri. Nikasubiri sana. Raha ikaanza kunitoka. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mke wangu, na hakuna hata moja lililofaa. Nilikuwa nimeshaanza kurudi juu mbio, baiskeli begani, nilipomwona anatokeza kwenye kona, anatembea kwa miguu, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemtembeza ng'ombe mkorofi.

"Pancha, Mama?"

"Hapana."

"Mnyororo?"

"Hapana. Mimi sishuki mlima kwa baiskeli."

Maisha yangu yote nimesikia kwamba mpanda ngazi hushuka. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa wengine hushuka kwa miguu.

"Lakini Mama, sharti la Mama Mkubwa..."

"Sharti ni la kilima chetu. Hivi vingine hakuvitaja."

Tukakaa kwenye nyasi akanieleza. Walipokuwa wasichana walichukua baiskeli ya baba yao bila ruhusa. Dada alishika usukani, yeye akakaa nyuma kwenye keria. Kilima chenyewe ndicho hicho cha nyumbani. Katikati ya mteremko dada akapiga kelele kwamba breki zimekataa. Mdogo mtu akaona asaidie, akaingiza mguu kwenye spoki. Baiskeli ikasimama palepale. Wao hawakusimama. Dada aling'oka jino la mbele na hakuweka jingine mpaka leo, na mama mkwe ana kovu kwenye kifundo cha mguu ambalo nilikuwa nikidhani ni la nyundo.

"Mpaka leo anasema mimi ndiye niliyemng'oa jino," akasema. "Na mimi nasema breki zingeshika, mguu ungeingia wapi? Kila tukikutana tunaanza upya."

"Miaka yote hiyo?"

"Sisi ni ndugu, mkwe. Ulitaka tuzungumzie nini?"

"Sasa kile kilima utakishukaje?"

Akatazama barabara iliyokuwa inaanza kupanda tena. "Vilima viko vingi mpaka kufika. Nitajifunza njiani. Utanifundisha wewe mwenye maarifa."

Basi nikawa mwalimu. Nimeuza tiketi kwa walevi na kwa watu wenye mbuzi waliofunikwa blanketi, lakini sijawahi kupewa kazi ngumu vile. Kwenye miteremko midogo alikubali kukaa kitini, miguu yote miwili chini, anakokota soli, huku mimi natembea kando nikisema, "Achia kidogo, Mama. Kidogo tu." Akiachia kidogo, baiskeli inasogea hatua mbili, naye anafunga breki zote kwa mkupuo mpaka gurudumu la nyuma linanyanyuka. Soli za viatu zilianza kunuka. Alhamisi adhuhuri aliachia breki mwenyewe akashuka kipande chote kutoka kwenye kisima hadi kwenye daraja, macho yamemtoka, akipiga kengele njia nzima ingawa hapakuwa na mtu. Nilishangilia mpaka wavunaji wakainua vichwa shambani. Alasiri yake lori la majani makavu likatupita kwenye mteremko na kupiga honi ya salamu. Mama mkwe akaruka majanini, baiskeli ikaenda zake peke yake ikalala mtaroni. Kuanzia hapo mafunzo yakarudi kwenye soli.

Kwa upande wangu nako hakukuwa kuzuri. Siti yangu ya kitaalamu ilikuwa imenifikisha mahali ambapo nilikula chakula cha jioni nimesimama, nikisema naangalia mandhari. Mama mkwe alisifu mandhari pia. Hakuugusa mkoba.

Usiku huo tulilala kwenye nyumba ndogo ya wageni njia panda. Mwenye nyumba, mzee mjane na mkarimu, alikuwa na kochi sebuleni ambalo ukikaa katikati unazama mpaka magoti yanakutana na kidevu. Mama mkwe alilitazama wakati tunajiandikisha. Alilitazama wakati wa chai. Asubuhi nilipotoka chumbani na baiskeli yangu tayari kuondoka, nilikuta kochi limepinduliwa miguu juu, kitambaa kimefunguliwa, na mama mkwe amepiga magoti katikati ya springi na misumari mdomoni. Mwenye nyumba alikuwa amemshikia kamba.

Nikaingojea kazi iishe. Jua likapanda. Akamaliza springi, akaanza kushona mikono ya kochi, ambayo haikuwa na ubaya wowote. Ikawa saa sita. Mimi nina hasira za karibu, sifichi.

"Mama, leo Ijumaa! Mpwa wako anafika kesho. Sisi tunashona makochi ya watu!"

"Mtu hawezi kupita kiti kinacholia, mkwe."

"Huo mkono haulii! Umeufungua mwenyewe!"

Mwenye nyumba akakumbuka ana kazi jikoni. Sindano iliyopinda ya mama mkwe ikasimama nusu kwenye kitambaa. Nami ndipo akili ikanijia. Mtu niliyemwona akimaliza kochi zima kabla ya chai hawezi kukwama kwenye mkono mmoja tangu asubuhi.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "unaogopa."

Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kisahani.

"Naogopa sana," akasema. "Nikifika pale juu nikashindwa, nitakuwa nimemwonesha kwa macho yake kwamba siwezi. Ataenda kusikiliza lifti. Na mimi nitarudi kukitazama kile kiti cha kijani." Akafuta uso kwa kiganja. "Nisipofika, angalau nitasema nilichelewa."

Mkwe hamkumbatii mama mkwe wake, na maneno mazuri yote niliyo nayo ni ya kuwaambia abiria basi likichelewa. Nikasema jambo la kwanza lililokuwa kweli.

"Mama, naomba kile kiti chekundu."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu, kicheko kilichomtoa mwenye nyumba jikoni. Aliufunga ule mkono wa kochi kwa dakika chache, akatoka nje na spana, akanifungia kiti mwenyewe. Nilipokikalia, nilisikia mwili wote ukisema asante. Tukaondoka saa saba, mimi nimekalia mahameli na vifungo vinne, na sijawahi tena kusema neno lolote juu ya vitu vya kitaalamu.

Tulilala njiani mara nyingine, na Jumamosi tulipanda tangu asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea tulipofika juu ya kilima cha mwisho. Chini yetu barabara ilinyooka bondeni bila kona hata moja, na mwishoni mwake kulikuwa na nyumba yenye bati la buluu. Mbele ya mlango palikuwa na gari, buti limefunguliwa. Mtu alikuwa anaingiza mabegi.

"Ameshafika," nikasema.

Mama mkwe alikaa kitini, mguu mmoja chini, mikono kwenye breki. Akainua mguu. Akaurudisha chini. Akainua tena. Akaurudisha.

"Mama, tembea," nikamwambia. "Ukikaribia nyumba, panda. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na dada amesema anione."

"Basi nikushike mimi."

"Kilima hiki si chako, mkwe," akasema, si kwa ubaya.

Hapo ndipo tulipoiona kofia ya majani pana ikipanda pembezoni mwa barabara, kidogo kidogo, chini yake mtu mwenye fimbo. Anatembea hatua chache, anasimama kuyapumzisha magoti yake, anatembea tena. Hatukusogea mpaka alipotufikia. Mama Mkubwa alikuwa ametoka jasho na amekasirika, na alipofungua mdomo lile pengo la mbele lilionekana kabla ya neno.

"Tangu jana nipo dirishani! Mlikuwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza kochi," akasema mama mkwe.

"La nani?"

"La mtu."

"Sasa mbona umesimama?"

"Napumzika."

"Uongo. Ukikaa kwenye kitu hicho hupumziki, unalala." Alikibonyeza kiti cha mahameli kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akamtazama mdogo wake, na ule ukali wa ualimu ukamtoka usoni. "Umekuja kweli," akasema. "Mimi nilikupa hesabu isiyo na jibu, na wewe umekuja."

"Nimekuja mpaka hapa tu, dada. Siwezi kushuka."

"Najua huwezi." Mama Mkubwa akanipa fimbo yake bila kuniangalia, akazunguka nyuma, akaikamata keria kwa mikono miwili na kuyakita magoti yake mabovu. "Panda. Safari hii nashika."

Mama mkwe akainua mguu, na safari hii haukurudi chini. Gurudumu likaanza kuzunguka. Walikuwa wameshakwenda kama upana wa chumba nilipomwona akigeuza shingo ghafla.

"Dada. Safari hii?"

"Angalia mbele."

"Safari hii, unashika? Kwa hiyo siku ile breki..."

"Angalia mbele, tutaanguka!"

"Hukuzishika! Ulisema zimekataa! Miaka yote umenibebesha lile jino!"

"Binti wa kinyozi alikuwa nyuma yetu na baiskeli mpya. Ulitaka atupite?"

Wakashuka hivyo mlima mzima. Mmoja amekaa kitini na miguu inaning'inia pande zote mbili, kifua mbele, akipiga kengele kwa hasira. Mwingine nyuma, amejivuta na visigino vimekita chini, kofia imemwangukia mgongoni. Walikwenda polepole kuliko mtu anayetembea, wakigombana kwa sauti iliyojaa bonde. Mimi nilifuata nimeshika baiskeli yangu na fimbo, nikicheka na machozi yananitoka, na sikuona haya yoyote.

Mpwa alikuwa amesimama kando ya gari, begi mkononi, mdomo wazi.

"Shikamoo, Mama mdogo," akasema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kisha akanigeukia. "Shemeji, hawa wanafanya nini?"

"Mama yako anahamia kwetu," nikamwambia.

"Amekuja kwa baiskeli," Mama Mkubwa akamwambia mwanawe, akihema. "Ameteremka kilima amekaa juu yake. Nilimpa sharti, amelitimiza."

"Lakini Mama, si ulikuwa umeishika wewe!"

"Sharti lilikuwa nimwone kwa macho yangu. Nimemwona. Tena kwa karibu." Akaonesha kwa kidevu buti la gari, kisha barabara tuliyotokea. "Kesho mabegi hayo yanaelekea kule, si mjini. Na utakuja kunisalimia huko kila upatapo nafasi, kuna basi zuri. Shemeji yako atakupa siti ya dirishani."

Kijana alimtazama mama yake, akamtazama mama yake mdogo, na nadhani kilichomteremkia usoni kilikuwa nafuu. Akaweka begi chini.

Gurudumu la mbele lilikuwa limegusa kizingiti cha mlango. Mama mkwe alishusha miguu, akafuta macho kwa mkono wa gauni, akafunga breki zote mbili ingawa hapakuwa na pa kwenda.

"Tumefika, dada," akasema. "Achia sasa."

"Naona tumefika," akasema Mama Mkubwa, na hakuachia.